Kipande cha Pili

Ijumaa jioni, Ngara, ghorofa ya tatu,
nilimkaribisha mgeni ndani ya kompyuta:
programu mpya ya kukokotoa boriti na nguzo,
ya leseni na risiti, si ya kuibiwa kichochoroni.
Nikabonyeza "Nakubali" bila kusoma, kama tufanyavyo sote.
Mstari wa kijani ukatambaa, ukafika mwisho.
Nikafungua mchoro wa daraja la waenda kwa miguu,
la kuvuka mto kule Mukuru,
nikaiambia mashine: haya, beba.

Skrini ikawa buluu.
Kisha nyeusi.
Feni ikahema kama mtu aliyepanda ngazi zetu zote mbio.

Nikawasha, ikazima.
Nikawasha, ikanionyesha nembo, ikanipa matumaini,
ikazima.

Wa kulaumiwa nilimjua. Nani mwingine?
Jana ilikuwa nzima, leo kaja mgeni, leo imelala chali.
Nikamvizia katikati ya pumzi mbili, nikamfukuza:
nikafuta programu, na folda zake,
na kipicha chake pale pembeni,
nikarudisha mipangilio ya Jumatano, siku ya amani.
Bado.
Nikabadilisha waya wa umeme, maana waya haujitetei.
Nikapuliza vumbi la miaka sita likaniingia puani.
Nikatamka maneno ambayo mama yangu kule Nyamira
hajui kwamba nayajua.

Bwana Rimberia, mpima ardhi wa chumba cha pili,
akaleta chai na ushauri:
"Izime, hesabu hadi mia, uiwashe."
Nikahesabu. Nilipofika themanini na nne
stima zikapotea jengo zima.
Tulicheka gizani, yeye zaidi yangu.

Jumamosi niliifunga kwa leso, nikaikumbatia
kama mtoto mwenye homa, hadi Luthuli,
kwa Nzilani, fundi wa bisibisi tatu na kiti kimoja
(kiti ni chake; mteja husimama).
Sikuulizwa nimeweka nini.
Aliuliza, "Kabla ya hapo, ilikuwa inakwama?"
Nikasema, hapana.
Akafungua skrubu ya kwanza.
Nikasema, kidogo.
Akafungua ya pili.
Nikasema, tangu Februari.

Akachomoa vipande viwili vya kumbukumbu,
vyembamba, urefu wa kidole cha kati,
akavisugua meno kwa raba ya penseli, raba ya mtoto wa shule,
akarudisha kimoja. Ikawaka, ikatulia.
Akakitoa, akaweka cha pili.
Buluu.
"Huyu hapa," akasema, bila fahari.
"Programu zako za zamani zilikula sahani moja zikashiba.
Mgeni ameomba ya pili,
na ya pili ina ufa."

Na mimi ndiye mhandisi!
Mimi niwaambiaye wakandarasi, kofia kichwani, kidole hewani:
ufa hauletwi na lori,
lori husoma tu kilichokwisha kuandikwa.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, nikajisemea,
nikalipa elfu mbili mia tatu kwa simu,
na kipande kibovu nikakiomba, nikakitia mfukoni.

Jumapili usiku nikamkaribisha tena.
Masharti nikayasoma safari hii. Nusu.
Daraja likapanda kwenye skrini, kiungo kwa kiungo,
mashine ikinguruma taratibu, haianguki,
na rangi zikaanza kuingia:
boriti ya kwanza kijani,
ya pili kijani,
ya tatu, ile ya ukingo wa mto,
ambayo programu ya zamani iliipitisha mwezi mzima,
ambayo niliitilia sahihi,
nyekundu.

Mkutano ni kesho, saa tatu asubuhi.
Nikakitazama kipande kibovu kando ya rula.
Sikumlaumu mgeni.
Nikaanza kutafuta penseli.